Indiketa za Barabara ya Garissa

Usiku, malori mawili yanapokaribiana kwenye lami kati ya Mwingi na Garissa, mara nyingi kila dereva huwasha indiketa ya kulia. Hakuna anayekata kona. Taa ile ya rangi ya chungwa humwonyesha mwenzake ukingo wa bodi ulipo, ili apime nafasi iliyobaki katikati ya barabara. Dereva wa lori la mbele hutumia taa hizo hizo kusema na anayemfuata: ya kulia, usipite, kuna gari linakuja, ya kushoto, njia nyeupe, pita. Anayetoka Garissa jioni na indiketa iliyokufa anasafiri akiwa bubu kati ya watu wanaozungumza.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliijua lugha hiyo akiwa amelala chali chini ya dashibodi. Alipoingia gereji mjini Garissa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwanagenzi wa fundi wa umeme wa magari, indiketa ndiyo iliyotengenezwa mwisho, tena ikiwa muda umebaki. Magari yaliyoletwa zaidi yalikuwa Land Rover, Series IIA na Series III. Ukishautoka mji kuelekea Modogashe na Wajir, kilichokuwepo ni mchanga, na njia za magurudumu zilizoachana na kukutana tena kati ya migunga. Dereva aliliona vumbi la mwenzake kabla hajaliona gari lake. Akitaka kukata kona mjini alitoa mkono dirishani, na mkono ulitosha.

"Fundi, hiyo ya kona iache," madereva walimwambia fundi huyo mzee. "Nitengenezee chaji na taa kubwa, mimi niondoke."

Mzee alitengeneza chaji na taa kubwa. Kisha akamgeukia kijana wake: "Haya, sasa hiyo ya kona." Alitoza bei ya kifaa kilichobadilishwa tu, kazi ya kuitafuta hitilafu hakuitoza. Hoja yake ilikuwa safari ya Nairobi. Kuna kilomita zipatazo 370, kupitia Mwingi, Matuu na Thika, na kila unavyozidi kusonga magari yanazidi kuongezeka. Hakutaka gari lililopita mikononi mwake lifike Thika dereva angali akipunga mkono gizani.

Series III zilizokuwa zikiunganishwa nchini zilitoka Thika, katika kiwanda cha Leyland Kenya kilichoanzishwa 1974, lakini mfumo wake wa umeme ulikuwa wa Lucas, kampuni ya Birmingham, Uingereza. Lucas walikuwa na utaratibu wa rangi uliofuatwa na takriban magari yote ya Kiingereza ya wakati huo, na ndiyo somo la kwanza alilopewa mwanagenzi. Waya wa kijani kitupu huleta umeme uliokwisha kupita kwenye swichi ya ufunguo na fyuzi. Wa kijani hafifu wenye mstari wa kahawia hutoka kwenye flasha kwenda kwenye swichi ya usukani. Kutoka hapo, wa kijani wenye mstari mwekundu huenda taa za kushoto, na wenye mstari mweupe huenda za kulia. Mweusi ni athi, waya unaorudisha umeme kwenye bodi na betri. Mzee hakusoma zaidi ya madrasa, lakini alizisoma rangi hizo hata pale vumbi na jua vilipozichuja hadi zote kufanana na udongo: alikwangua ganda kidogo kwa ukucha, karibu na kiungo, mahali ambapo jua halikufika.

Shida ni kwamba gari lililokwisha kuzunguka kaskazini miaka kumi halina tena rangi za kiwandani. Waya ukikatika Habaswein huungwa kwa waya uliopo, uwe wa redio au wa taa ya nyumbani, na kufungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu. Ndipo masikio yanapohitajika.

"Sikiliza kwanza," mzee alisema kila gari lilipoingia, kabla mtu hajashika bisibisi.

Alichosikiliza ni flasha, kikopo kidogo cha bati kinachokaa nyuma ya dashibodi. Katika zile za Lucas za zamani, FL5, ndani yake kuna uzi mwembamba wa chuma uliovutwa. Umeme ukipita, uzi hupata joto na kurefuka, mdomo wa swichi unafunga na taa zinawaka. Uzi unapoa, unajikunja, mdomo unafunguka na taa zinazima. Iliyofuata, 8FL, ilitumia kipande bapa cha chuma kinachoruka upande huu na huu kadiri kinavyopata joto na kupoa. Zote mbili zinategemea kiasi cha umeme kinachopita. Balbu mbili za wati 21, ya mbele na ya nyuma, ni wati 42, na kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea tatu na nusu. Flasha imetengenezwa kwa mzigo huo. Ukiupunguza, joto halitoshi, na mwendo unabadilika.

Kwa hiyo kila hitilafu ilikuwa na sauti yake. Mwendo mzuri ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Pande zote mbili zikiwa kimya kabisa, hakuna haja ya kufungua taa hata moja: anza na fyuzi, kisha flasha yenyewe, kisha waya unaozilisha. Upande mmoja ukienda vizuri na wa pili ukiwaka tu bila kupepesa, au ukajikokota, basi flasha ni nzima, na upande huo kuna balbu iliyoungua au athi iliyokatika. Pande zote zikijikokota injini ikiwa inanguruma polepole, kisha zikachangamka mafuta yakiongezwa, kosa liko kwenye chaji; dainamo za IIA zilikuwa dhaifu mno injini ikizunguka polepole. Mzee angemwambia dereva, "Kanyaga mafuta kidogo," akiwa amesimama nje, mkono mmoja juu ya boneti, na mara nyingi alikwisha kujua jibu kabla dereva hajashuka.

Kipimo chake cha pekee kilikuwa balbu ya wati 21 iliyolehemewa nyaya mbili, moja na kibano cha mamba na nyingine na msumari uliochongwa. Miaka mingi baadaye, vijana walipoanza kuja na mita za kidijitali, mwandishi alikumbuka kwa nini mzee aliipenda balbu ile. Kiungo kilicholiwa na kutu kinaweza kuionyesha mita volti 12 kamili, kwa sababu mita karibu haivuti umeme wowote. Ukikitaka kiungo hicho hicho kipitishe karibu ampea mbili za balbu, kinashindwa. Mita inasema umeme upo. Balbu inawaka wekundu hafifu na kusema ukweli. Hadi leo, kwenye gari la kale, balbu ile inamwokoa fundi asihangaike saa nzima.

Somo lililomkaa zaidi mwanagenzi lilihusu Land Rover ya mfanyabiashara wa mifugo, iliyotoka Wajir ikiwa imepakwa vumbi jeupe la chokaa hadi kwenye kope za dereva. Indiketa ya nyuma ya kushoto iliwaka hafifu, na breki ilipokanyagwa indiketa hiyo iliwaka nayo, wakati taa ya nyuma ilififia. Kijana alikwisha kubadilisha balbu, hali ikabaki vile vile.

"Adeer, labda nyaya zimegusana ndani," alisema, akimwita ami kwa Kisomali.

"Zingegusana, fyuzi ingekwenda," mzee alijibu. "Umeme umefika. Haujapata njia ya kurudi, ndiyo maana unaingia kwa jirani."

Akachukua waya mrefu, ncha moja akaibana kwenye kituo cha betri kilichounganishwa na bodi, nyingine akaigusisha kwenye kiota cha balbu. Taa ikawaka vizuri, ikaanza kupepesa. Akaiondoa, ikafifia. Akaigusisha tena. Alifanya hivyo mpaka alipoona kijana ameelewa, kisha akampa bisibisi afungue kikombe cha taa.

Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini iitwayo Birmabright, iliyotumika tangu gari la kwanza la 1948, na ndiyo iliyoyafanya magari hayo yasiliwe na kutu kama mengine. Lakini skrubu ni za chuma. Chuma na alumini vikikutana na unyevu, hasa maji ya chumvichumvi kama ya visima vya Wajir ambayo gari hili lilioshewa, alumini hutoa unga mweupe, na unga huo haupitishi umeme. Chini ya skrubu ya taa ile ulikuwapo tele, umejaa hadi kwenye mifereji ya nyuzi. Msasa, mafuta mazito ya grisi, na waya mweusi mpya uliokwenda moja kwa moja hadi kwenye chesisi ya chuma badala ya kuitegemea bodi. Tangu siku hiyo hakuna Land Rover iliyopita gereji ile bila kuongezewa waya huo nyuma. Mwandishi anaamini ndiyo kazi bora zaidi inayoweza kufanyiwa Land Rover ya kale, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote.

Swichi ya usukani nayo ilikuwa na tabia zake. Zile za Series II na IIA zilifungwa kwa kibano kwenye nguzo ya usukani, na zilikuwa na kigurudumu cha mpira kilichosuguana na kitovu cha usukani. Usukani ukirudi, kigurudumu kinaikata indiketa. Katika joto la Garissa mpira uligeuka mgumu ukapoteza mshiko. Madereva waliendesha indiketa ikiwaka kutoka daraja la Tana hadi walikokwenda, bila habari.

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Toyota walifunga safu ya Land Cruiser 40 mwaka 1984 na kuanza ile ya 70, na taratibu magari ya miraa kutoka Maua yaliyokimbia kuelekea Wajir na Mandera yakawa Land Cruiser. Halafu ukaja mwaka 1991. Serikali ya Somalia ilianguka, na kati ya mwaka huo na 1992 kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikafunguliwa kuzunguka Dadaab, zikipangiwa watu 90,000, idadi ambayo ilipitwa mara nyingi. Nyuma ya wakimbizi yakaja magari ya misaada, misafara mirefu iliyotoka Nairobi kupitia Garissa. Kwa mara ya kwanza mji ulikuwa na foleni. Kwa mara ya kwanza pia, dereva aliyeleta gari gereji alianza kwa kutaja indiketa.

Mwanagenzi, ambaye kufikia hapo alikuwa fundi, ilimbidi ajifunze rangi upya. Kwa Toyota, kijani chenye mstari mweusi ni kushoto, kijani chenye mstari wa manjano ni kulia, na athi ni nyeupe yenye mstari mweusi. Mwanzoni mkono wake ulikwenda kwenye waya mweusi mtupu uliozoeleka, ambao kwa Toyota si athi. Wenzo wa indiketa wenyewe ulikuwa kulia mwa usukani.

Na hitilafu ilikuwa imehama pia. Kwenye magari mengi ya miaka ya 1970 na kuendelea, umeme wa indiketa hupita kwanza ndani ya swichi ya hazadi kabla ya kufika kwenye flasha. Swichi hiyo inaweza kukaa miaka bila kuguswa. Vumbi laini la kaskazini linaingia, midomo ya shaba inafanya weusi, na siku moja indiketa zote zinakufa wakati hazadi inafanya kazi barabara. Dereva amekwisha kununua flasha mbili, bila faida. Fundi anayejua njia ya umeme huibonyeza swichi ya hazadi na kuiachia mara nyingi mfululizo. Indiketa zikirudi kwa muda, kosa limejulikana, na swichi inafunguliwa na kusafishwa kwa msasa laini. Ni hitilafu inayomaliza pesa za watu wengi wenye magari ya kale, na sababu yake ni kwamba wanaanza kwa kununua badala ya kufuata waya.

Mvua za El Niño zilizoanza Oktoba 1997 na kuvuka hadi 1998 zilifundisha jambo lingine. Mto Tana ulifurika, barabara zikakatika, na magari yaliyosimama majini siku kadhaa yakaletwa gereji yakiwa yamekauka na yanawaka vizuri. Yalirudi baada ya miezi. Maji yalikuwa yameingia ndani ya viungio vya risasi vya Lucas, vile vya duara vinavyosukumwa ndani ya mfuko wa mpira, yakakaa humo, na shaba ikageuka kijani kibichi chini ya ganda la waya hadi kiasi cha kidole kutoka kwenye ncha. Kiungo kama hicho hakisafishwi. Kinakatwa, na waya mpya unaungwa pale shaba inapong'aa. Mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili 2024, yaliyoikata barabara kati ya Garissa na Madogo, yaliwakuta mafundi wa mji wakilijua hilo.

Leo Garissa ni makao makuu ya kaunti. Barabara za Kismayu na Ngamia zimejaa bajaji, bodaboda na Probox, na anayekata kona bila ishara anaumiza mtu. Bajaji nyingi hutumia balbu za wati 10, kwa hiyo flasha ya gari ikifungwa humo haipati mzigo wake na inakataa kupepesa. Vijana wanaokuja kujifunza hukutana na fizikia ile ile ya FL5 ndani ya chombo cha magurudumu matatu, na mwandishi hupenda kuanzia hapo kuwafundisha. Magari mapya zaidi hayana flasha kabisa. Swichi ya usukani hupeleka ujumbe mdogo kwa kompyuta, kompyuta ndiyo inayoziwasha taa, na ile sauti ya tiki-tiki mara nyingi hutoka kwenye spika. Mtu hawezi tena kusikiliza chuma kikipata joto. Kuna mashine ya kusoma makosa, na ni nzuri, ila humwambia fundi taa ipi haipitishi umeme tu. Kwamba sababu ni bolti ya athi iliyooza nyuma ya bampa, hilo bado linatafutwa kwa mikono.

Mwandishi ana wasiwasi kuhusu balbu za LED zaidi ya kompyuta. Zinauzwa kila duka la spea, zinang'aa, na wenye magari ya kale wanazipenda kwa kuwa hazilemei betri. LED moja huvuta wati chache tu. Flasha ya joto haioni mzigo wowote, kwa hiyo taa zinawaka na kubaki hivyo. Flasha ya elektroniki hudhani balbu imeungua na kupepesa mbio. Wengine huongeza rezista ya kula umeme, nayo hupata moto wa kuyeyusha plastiki ikifungwa vibaya. Bora ni kununua flasha iliyotengenezwa kwa ajili ya LED, na kuangalia kwanza upande wa betri uliofungwa kwenye bodi. Land Rover nyingi za kabla ya nusu ya pili ya miaka ya 1960 zilifungwa upande wa chanya kwenye bodi, na kifaa cha elektroniki kikigeuziwa umeme kinaungua papo hapo.

Miaka ya karibuni ililetwa gereji Land Cruiser ya safu ya 40, inayotunzwa na familia moja tangu enzi za biashara ya mifugo. Kijana wa nyumba hiyo alikuwa ameweka LED pande zote na flasha mpya, kila kitu sahihi, na bado ukiwasha kushoto taa zote nne zinapepesa. Mafundi wawili walikuwa wamekwisha kumwambia abadilishe nyaya zote.

"Abti, umebadilisha na taa ya dashibodi?" fundi aliuliza, kwa neno la Kisomali ambalo mjomba na mpwa huitana.

"Hapana. Hiyo ndogo tu, nimeiacha ya zamani."

Ndipo hitilafu ilipokuwa. Magari kadhaa ya kale yana taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi, nayo imefungwa kati ya waya wa kushoto na wa kulia. Ukiwasha kushoto, umeme hupita kwenye taa hiyo ndogo na kutafuta athi kupitia balbu za kulia, ambazo ni baridi na hazijali umeme kidogo namna hiyo. LED zinajali, kidogo hicho kinatosha kuziwasha. Diodi mbili zilitosha, moja kutoka kila upande, zikikutana kwenye mguu mmoja wa taa ya dashibodi, na mguu wa pili ukapelekwa kwenye athi. Mwanagenzi wa sasa alizilehemu mwenyewe, akazivalisha mpira, akatoka kusimama nyuma ya gari.

"Kushoto," alipaza sauti. "Kulia. Hazadi. Sasa acha kushoto iwake, ukanyage breki."